Changupeke, Nchi ya Matabibu Wenye Wivu

Kitu cha kwanza nilichokiona Changupeke ni mabakuli. Kila mlango wa tabibu ulikuwa na bakuli la udongo juu ya kigoda, na kata ya maji kando yake. Wanaume walifika, wakachota maji, wakasukutua, wakatema, ndipo wakaingia. Nilidhani ni usafi. Baadaye niliambiwa kwamba wanaosha jina. Mgonjwa haruhusiwi kuingia kwa tabibu akiwa na jina la tabibu mwingine mdomoni.

Mimi ni mke mdogo wa Mzee Mwinjuma. Shule niliishia darasa la tano, na hata nyumbani maneno yangu si mengi. Tulikwenda huko watatu: yeye, Bi Mwamvita ambaye ni mke mkubwa, na mimi niliyebeba mikeka. Mzee alikuwa na maradhi ya kifua ambayo kila mtu kwetu aliyajua. Lakini alikuwa na mengine mawili ambayo hakuyasema zahanati, kwa sababu muuguzi wa pale ni mkwe wa jirani yetu. Tezi dume yake ilikuwa imevimba. Aliamka kwenda kukojoa, akasimama uani kama mtu aliyeahidiwa kitu, akarudi kitandani hajamaliza haja. Na nguvu za kiume zilikuwa zimempungua. Hayo hakuniambia. Niliyaona mwenyewe nikanyamaza.

Alikuwa amesikia kwamba Changupeke tabibu hakuulizi umetoka kwa nani. Sifa hiyo ndiyo iliyotupeleka.

Sheria kuu ya nchi ile ni kwamba kila kitu kina mwenyewe mmoja, na mwenyewe ni lazima akionee wivu. Asiyeona wivu huhesabiwa kuwa hana mali. Kisima kina mwenyewe, na kivuli cha ukuta kina mwenyewe ambaye hukaa pembeni yake akikitazama kwa jicho la hasira. Hata salamu zao ni za wivu. Wakikutana asubuhi, mmoja husema, "Wivu wako?" Mwenziwe hujibu, "Mkali." "Na wa nyumbani?" "Mkali vilevile, tunashukuru." Barazani kwao kuna kiti kirefu chenye mto mwekundu, na hukikalia yule aliyeonyesha wivu mkubwa kuliko wote mwaka ule. Tulipofika kilikuwa kimekaliwa na bwana mmoja aliyeng'oa mlango wa nyumba yake kwa sababu wageni waliusifu.

Siwezi kusema kwamba mambo hayo yalinishangaza sana. Mimi nina mke mwenza.

Mgonjwa mgeni hupelekwa kwanza kwa ofisa anayeitwa Mpima Mipaka. Huyu alikuwa mtu mnene mwenye chaki sikioni. Alimvua Mzee shati, akamsimamisha kwenye mwanga, akaanza kumchora mistari mwilini.

"Shingoni mpaka kitovuni ni pa Tabibu wa Kifua," alisema huku akichora. "Chini ya kitovu mpaka hapa, pa Tabibu wa Kibofu. Na kutoka hapa..." Alinitazama mimi, akashusha sauti. "Huko kulikobaki ni kwa Tabibu wa Chumbani."

"Na kitovu chenyewe?" Bi Mwamvita akauliza. Yeye haogopi ofisa yeyote.

"Kitovu kina kesi, mama. Tangu enzi za babu yangu."

"Na damu je? Si inapita kote humo?"

Mpima Mipaka alikunja uso kama aliyeulizwa habari za ndugu mwizi. Alitueleza kwamba suala la damu lilishajadiliwa barazani kwa muda mrefu. Mjumbe mmoja alisema damu huchukua dawa ya tabibu huyu na kuipeleka kwa yule bila ruhusa. Mwingine akataka ikamatwe. Mwishoni waliamua kwamba damu ni mzururaji, haina makao yanayojulikana, kwa hiyo serikali haiitambui.

"Haiitambui, lakini inatembea," alisema Bi Mwamvita.

"Inatembea kinyume cha sheria," alijibu Mpima Mipaka, akarudisha chaki yake sikioni.

Tulianza kwa Tabibu wa Kifua. Mzee alisukutua, akatema, akaulizwa mlangoni, "Una mwingine?" Akajibu kama alivyofundishwa, "Sina mwingine." Hakuna jibu la pili. Ukitoa jibu la pili, tabibu hulala kwenye benchi akaugeukia ukuta, akasusa chakula, na matabibu wa fani yake huja kumpa pole kama mwanamke aliyeletewa mke mwenza. Nilimwona mmoja katika hali hiyo siku ya kwanza. Mgonjwa wake alikuwa amepiga magoti akimbembeleza, "Ilikuwa jino tu, tabibu wangu, wallahi jino tu."

Tabibu wa Kifua alisikiliza moyo wa Mzee kwa makini sana. Alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Akatoa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi pindi maumivu ya kifua yanapokuja. Kwao kila dawa huwa na mtunzaji wake, na mtunzaji haruhusiwi kumwonyesha mtu mwingine. Tabibu alitutazama sisi wawili, akamkabidhi Bi Mwamvita.

"Wewe ndiye mwenye moyo wake," alimwambia.

Bi Mwamvita alifunga vidonge kwenye pindo la khanga, akalivuta fundo mpaka likakaza. Hakunitazama. Mimi nilitazama fundo lile siku nzima. Nilijiuliza ni nani aliyemwambia tabibu yule kwamba moyo uko kwake.

Kwa Tabibu wa Kibofu nilipata changu. Huyu alimpima Mzee kwanza, akamtoa damu, akasubiri majibu. Alisema uvimbe wa tezi dume huwapata wanaume wengi wakizeeka, lakini mtu asijiambie kuwa ni uzee tu kabla hajapimwa, kwa kuwa maradhi mabaya huanza kwa dalili hizohizo. Wa Mzee haukuwa mbaya. Akanipa mimi dawa.

"Binti, dawa hii hulegeza njia ya mkojo, lakini hushusha na presha. Akiamka asiruke kama kijana. Akae kwanza kitandani, kichwa kitulie, ndipo asimame."

Niliifunga kwenye pindo langu. Tulipotoka nilihakikisha Bi Mwamvita ameliona fundo.

"Umepewa ya wapi wewe?" akauliza.

"Sheria hairuhusu kusema, Bi Mkubwa."

"Haya. Ya mkojo hiyo," akasema, akaenda zake akicheka.

Tabibu wa Chumbani, tuliyekwenda kwake siku iliyofuata, ndiye aliyekuwa na jengo zuri kuliko yote, lenye milango ya nyuma mingi. Dawa yake haina mtunzaji. Mwanamume huiweka mwenyewe, mahali pasipojulikana. Mimi nilisimama nje ya pazia nimeshika makubazi ya Mzee, na yaliyosemwa ndani niliyasikia yote.

Tabibu yule alieleza vizuri. Alisema dawa haileti mapenzi, inasaidia mwili tu pale ambapo mapenzi yapo. Alisema mtu asimeze viwili kwa kuwa kimoja kimechelewa, na mwili ukikataa kutulia kwa saa nyingi aje mbio wala asione haya. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayesoma dua aliyoikariri.

"Je, una dawa ya kifua, ile ya kuweka chini ya ulimi? Maana hiyo na hii zikikutana, presha huanguka kama ndoo iliyokatika kamba, na mtu hufa. Je, una dawa ya tezi dume? Maana hiyo nayo hushusha presha, na inabidi nijue ili nianze na kidogo. Jibu."

"Sina mwingine," alisema Mzee.

"Sina mwingine," alirudia tabibu kama anayeitikia dua, akampa.

Hivyo ndivyo wanavyofanya. Swali wanalo, na ni swali zuri. Jibu ndilo wamelipiga marufuku.

Njiani nilijaribu. Nilimwambia, "Mzee, kile kidonge cha Bi Mkubwa na hicho..."

"Nyamaza, mama. Unataka tufukuzwe?"

"Lakini tabibu amesema mtu hufa."

"Tabibu anasema hivyo kwa kila mtu." Akaongeza mwendo, na kwa sababu ya dawa yangu ya asubuhi akayumba, akashika ukuta. Mwenye ukuta alitoka akamtazama vibaya.

Sokoni tulipita kwa wachuuzi wa dawa. Hawa hawana mlango, hawana bakuli, hawaulizi lolote, na foleni yao ni ndefu kuliko za matabibu wote watatu. Mmoja aliuza unga wa rangi ya majivu kwenye vikaratasi. "Kijiko kimoja unatembea, viwili unakimbia!" alipiga kelele. Mtu mmoja alimuuliza humo ndani mna nini. Foleni nzima ikamzomea. "Huyu naye! Kwani mkeo akikupikia mchuzi unamuuliza viungo?" Kando ya ukuta alikuwa amelazwa bwana aliyechukua vijiko viwili, na jamaa zake walikuwa wakimpepea.

Jioni ya siku ile ilikuwa zamu ya Bi Mwamvita. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele, jua likizama. Mzee alitoka, akatazama huku na huko, hakuniona nyuma ya mtungi. Akatoa kitu kofiani, akakimeza kwa maji. Kisha akajipangusa mdomo, akanyoosha kanzu, akaingia chumbani kwa Bi Mwamvita.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa. Sikuwaza presha. Niliwaza kwamba miezi yote ile alikuja kwangu akageukia ukuta, akasema amechoka, mgongo, joto. Nikajua kwamba si mgongo, nikajifanya namwamini. Na sasa alivuka nchi, akachorwa chaki kama ng'ombe wa mnada, akaapa uongo mbele ya matabibu watatu, ili apate kidonge, na kidonge kile akampelekea mwanamke mwenye mvi. Mimi ndiye niliyeitwa kigori siku ya harusi, nikapigiwa vigelegele. Nilichambua mchele ule mpaka nikawa natupa mzima na kubakiza mawe.

Asubuhi nilimpa dawa yangu kama nilivyoagizwa, bila kumtazama usoni. Tukaenda barazani, kwa kuwa siku ile walikuwa wanasikiliza tena kesi ya kitovu, na wageni wote hutakiwa kuhudhuria. Tabibu wa Kifua alidai kwamba kitovu kinapanda na kushuka kwa pumzi, kwa hiyo ni chake. Tabibu wa Kibofu alisema kibofu kikijaa kitovu husikia. Tabibu wa Chumbani alisema hana haja nacho, ila hataki wapewe wale. Watu walipiga makofi kwa kila hoja.

Mzee alisimama ghafla ili aone vizuri. Nilimwona akifumba macho. Mkono wake ukaenda kifuani, ukabaki hapo, akarudi chini kwenye mkeka, jasho likimtoka usoni na midomo ikiwa na rangi ya majivu.

"Kifua," alisema. "Mwamvita, kifua."

Watu wakafanya duara. Bi Mwamvita alipiga magoti, akaanza kufungua fundo kwa meno. Tabibu wa Kifua alifika mbio, akasimama, kwa sababu kwao mtunzaji akianza kutoa dawa hakuna anayeruhusiwa kumwingilia, hata tabibu mwenyewe. Kidonge kilitoka. Bi Mwamvita akakishika kwa vidole viwili, na mkono mwingine akamfungua Mzee mdomo.

Pale ndipo maneno ya pazia yalinirudia. Ndoo iliyokatika kamba.

Mimi ni mtu nisiyeweza kuagiza chumvi dukani kukiwa na watu watatu. Nilimdaka Bi Mwamvita mkono.

"Usimpe!"

"We mtoto una wazimu? Niache! Mume anakufa!"

"Usimpe, Bi Mkubwa. Amemeza ya chumbani. Jana."

Sauti ya mwanamke fulani ikauliza kutoka nyuma, "Alilala nyumba ya nani?"

"Ya mwenziwe," akajibu mwingine, "humwoni anavyotetemeka?" Kicheko kikapita. Mzee alifumba macho, na sikujua kama ni kwa maumivu au kwa aibu.

"Huyu aliapa kwangu kwamba hana mwingine," alisema Tabibu wa Kifua. Midomo yake ilianza kucheza, kama mtu anayetafuta benchi.

"Aliapa kwa sababu mlangoni kwenu hakuna jibu jingine," nilimwambia. "Anaye mwingine. Anao wawili. Muulize huyo hapo alimpa nini."

Nilimwonyesha kwa kidole Tabibu wa Chumbani. Matabibu wale wawili wakageuziana migongo, kwa kuwa sheria inawakataza kuongea ana kwa ana. Hivyo ndivyo walivyozungumza, kila mmoja akitazama upande wake, na Mzee chini katikati yao.

"Mwenzangu," alisema Tabibu wa Kifua. Wazee wa pale waliniambia baadaye kwamba neno hilo halikuwahi kusikika kati yao. "Umempa kidonge?"

"Nimempa."

"Alimeza lini?"

"Muulize huyo binti."

"Jana, jua likizama," nikasema.

"Basi chako usimpe," alisema Tabibu wa Chumbani kwa haraka. "Bado kimo mwilini."

"Simpi. Nani mwingine?"

"Na mimi," alisema Tabibu wa Kibofu kwa unyonge, naye akiwa amegeuka upande wa tatu. "Changu amemeza asubuhi hii."

Tabibu wa Kifua alipiga magoti, akampima presha. Akasema imeshashuka tayari, na kama kile cha chini ya ulimi kingeingia juu yake, tungekuwa tunatafuta sanda. Akamlaza Mzee vizuri, akaita machela, akatumia dawa nyingine isiyogombana na zile. Alikaa naye mpaka mchana. Na ninataka nimtendee haki: kila alipotaka kumpa kitu kipya, alipaza sauti dirishani, mgongo ukiwa umeelekea nje, akauliza wale wawili kwanza.

Baraza lilikutana siku iliyofuata kujadili tukio hilo. Wengine walisema halikutokea. Wengine walisema matabibu sasa waruhusiwe kuulizana, lakini kupitia dirishani tu, na kwa kugeuziana migongo. Mabakuli yabaki. Kisha Mpima Mipaka akaja chumbani kwetu na ujumbe wa watu wanne, wamebeba ule mto mwekundu.

"Dada," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kwa heshima, "katika historia yetu hakuna mke aliyewahi kumwonea mwenziwe wivu mpaka akamzuia mkono mume akiwa anakata roho. Baraza limekupa kiti."

Nilimwambia sikitaki. Alidhani ni adabu, akausukuma mto karibu. Nikamwambia tena. Walitoka wakinong'onezana kwamba huyu wivu wake ni mkubwa kiasi kwamba anauonea wivu hata wenyewe.

Tukabaki watatu. Mzee alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, akingoja kichwa kitulie. Bi Mwamvita alikuwa akimenya chungwa.

"Sasa wewe," akaniambia, "juzi ile ulikuwa unanichungulia mlango?"

"Nilikuwa nachambua mchele."

"Ndiyo maana wali ulikuwa na mawe." Akanipa pande la chungwa. "Na unajua kilichotokea humo ndani ulimokuwa hunichungulii? Hakuna. Alikuja akakaa ukingoni, akaanza kulia. Akaniambia yote. Mkojo, woga, huko kulikobaki. Tukazungumza mpaka taa ikaisha mafuta. Ila cha kumeza hakuniambia amemeza, mshenzi huyu."

"Mwamvita," alisema Mzee.

"Sema mwenyewe basi. Kwa nini ulianzia kwangu?"

Mzee alitazama miguu yake. "Nilitaka kuijaribu kwako kwanza. Isipofanya kazi, wewe hutanicheka. Huyu bado mdogo."

"Aa, kwa hiyo mimi ni wa kujaribia!" Bi Mwamvita akapiga kofi, akacheka mpaka chungwa likamdondoka. "Nimezeeka nimekuwa kijiko cha kuonjea mchuzi!"

Mimi sikucheka. Yale ya kidonge yalikuwa yameniisha moyoni, yametoka hata kabla hajamaliza kusema. Lililobaki lilikuwa kwamba alilia, na alilia chumba kingine. Mwanamke yule alijua woga wa mume wangu ulivyo ukitoka mdomoni, na mimi nilikuwa naujua kwa kuukisia gizani tu.

Mzee alinitazama. Alisubiri niiname kama ninavyofanya siku zote. Nikamwambia:

"Sikumwonea Bi Mkubwa wivu kwa kidonge. Namwonea wivu kwa sababu yeye unamwambia panapouma. Nani alikuambia nitacheka? Niambie na mimi."